Kikombe cha Saa Nne

"Mficha uchi hazai, mama. Sema ukweli. Vidonge unavitupa wapi?"

Nesi hakunong'ona. Aliuliza huku ameinua kadi ya kliniki juu kama tiketi, na benchi zima la wajawazito nyuma ya pazia lililochanika likanyamaza ili lisikie vizuri. Mkwe wa Mama Mwiko alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kipande cha pamba kimebanwa kwenye ncha ya kidole, macho sakafuni. Mimba ilikuwa ya miezi minane, na uso wake ulikuwa umepauka mpaka midomo.

"Situpi, sista. Nameza kila siku."

"Kila siku!" Nesi alicheka kwa pua. "Ulikuja hapa na damu kumi. Tukakupa vidonge, ikawa tisa. Tukakuongezea, leo saba nukta nane. Wewe umeona wapi mtu anakula na njaa inazidi?"

Nyuma ya pazia mtu mmoja akasema wengine wanamwagilia navyo maua, na benchi likacheka.

Mama Mwiko alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa ameitwa, lakini tangu lini Mama Mwiko akangoja kuitwa? Alikuwa mpishi wa shule ya msingi kwa miaka ishirini na sita, na jina hilo alipewa na watoto, kwa sababu mwiko wake ulikuwa ukionekana mlangoni kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Siku hiyo kazi yake ilikuwa moja tu, kumtetea mke wa mwanawe mbele ya watu, na hakuifanya. Hilo ndilo lililokuja kumla moyo baadaye.

"Nesi, niachie mimi," alisema. "Kuanzia leo nitammezesha kwa mkono wangu."

"Afadhali." Nesi akachukua kalamu nyekundu, akaandika juu ya kadi kwa herufi kubwa: HATII MASHARTI. "Nawapa wiki mbili. Damu isipopanda anapelekwa hospitali kubwa, na mtafute mapema watu wa kumtolea damu. Mwanamke wa damu saba akivuja kidogo tu wakati wa kujifungua, hatuna nafasi ya kuulizana."

Mama Mwiko hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alikuwa na binti. Binti huyo alikwenda kujifungua asubuhi akitembea kwa miguu yake, akarudishwa jioni amefunikwa shuka. Kaburi moja la namna hiyo linatosha kwa ukoo mmoja.

Walipita mbele ya benchi kurudi nyumbani. Mkwe aliificha kadi ndani ya nguo, maandishi mekundu yakielekea tumboni.

&nbsp;

Mwana wa Mama Mwiko alikuwa fundi vigae. Aliwatandikia watu mabafu yanayong'aa mpaka mtu anajiona meno, naye alilala kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye sakafu ya saruji iliyopasuka. Mganga hajigangi. Jioni hiyo aliisoma kadi akiwa bado na vumbi jeupe kwenye nyusi.

"Hatii masharti," akasoma. Akasoma tena. "Hivi wewe unataka nini? Vidonge vinatolewa bure, kazi yako ni kumeza tu. Kumeza!"

"Nameza, baba."

"Basi damu inakwenda wapi? Nainywa mimi?"

Kunyamaza kwa mkwe kulimkasirisha Mama Mwiko kuliko neno lolote. Aliamka, akainua godoro. Akakung'uta mito, akapekua mkoba wa kazini, akapapasa mpaka upindo wa gauni lililoning'inia ukutani. Mkwe alisimama pembeni ameshika tumbo, akitazama vitu vyake vikimwagwa kimoja kimoja kitandani, kitana, kitambulisho cha kazi, nguo za ndani za kubadilisha. Vidonge havikuonekana. Kilichoonekana ni kipande cha udongo kilichofungwa kwenye karatasi, kimeng'atwa kona.

"Haya, shuhudia!" Mama Mwiko akamwonyesha mwanawe. "Udongo anakula. Vidonge hataki."

"Mama, ule udongo unanijia tu hamu, siwezi..."

"Hamu! Nimelisha watoto mia nne mimi, nazijua hamu zote."

Tangu siku hiyo utaratibu ukawa mmoja, asubuhi na jioni. Kidonge juu ya ulimi, kikombe mdomoni, halafu: "Fungua mdomo. Toa ulimi. Uinue." Ndivyo alivyowafanyia watoto wa shule siku za dawa ya minyoo, akiwapanga mstari na sufuria ya uji. Mtoto hawezi kumhadaa mpishi. Mkwe alifungua mdomo, akatoa ulimi, akauinua, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, na mumewe akageuza uso ukutani.

Kilichokuwa ndani ya kikombe kilikuwa macha.

Macha iliijia nyumba hiyo kutoka hotelini, ambako mkwe alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia. Ni chai ya kijani, ila majani yake hayachujwi. Yamesagwa yakawa unga laini kama poda ya mtoto, na mnywaji hulinywa jani lote. Wageni wa hoteli hiyo walikuwa wakiinywa kwa ajili ya picha, kikombe juu ya meza na simu juu ya kikombe. Kisha wageni wakapungua, maboksi yakajaa stoo, na tarehe za mwisho zikaanza kukaribia. Hapo ndipo uongozi ulipowakumbuka wafanyakazi wa chini.

Zamani wapiga pasi walikuwa wakipata chai ya maziwa na mkate saa nne asubuhi. Maziwa na mkate vikaondolewa. Badala yake ikaletwa sinia ya vikombe vya macha, na kila mmoja akapewa makopo mawili ya kupeleka nyumbani. Msimamizi aliwakusanya akawaambia, "Huko juu mgeni analipia kikombe hiki mshahara wenu wa siku nzima. Nyinyi mnapewa bure. Ina vitamini zote, inatia nguvu, ni dawa." Na kweli ilitia nguvu. Wanawake walisimama mbele ya mvuke mpaka jioni bila kupiga mwayo. Walitaniana kwamba wakirudi nyumbani mwili unalala, macho yanabaki kazini.

Rahisi huvunja upishi, na Mama Mwiko aliijua methali hiyo kabla msimamizi hajazaliwa. Lakini kopo lilikuwa zuri, la bati jeusi lenye jani la dhahabu. Tena, tangu alipoanza kupewa vidonge, mkwe alikuwa akitapika kila akivimeza kwa maji. Vilimpa ladha ya msumari, alisema. Mama Mwiko akafanya alichofanya jikoni maisha yake yote, akaificha dawa ndani ya kitu kizuri. Akakoroga unga wa kijani vijiko viwili, maziwa na sukari. Mkwe akameza, hakutapika. Mgonjwa haulizwi uji. Mama Mwiko alijisifu mpaka kwa majirani.

Kwa hiyo vikawa vikombe vitatu kwa siku, kimoja kazini na viwili nyumbani. Mkwe akaanza kulalamika kwamba usingizi haumshiki, kwamba moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa, kwamba tumbo linamchoma.

"Mimba hiyo," Mama Mwiko alimjibu. "Kunywa."

&nbsp;

Siku ya kumi simu ikaita. Ilikuwa sauti ya mpiga pasi mwenzake, nyuma yake mashine zinaunguruma. "Mama, njoo. Mwenzetu ameanguka juu ya pasi."

Mama Mwiko alimkuta amelazwa juu ya rundo la mataulo machafu. Mkono wa kulia ulikuwa umeungua kutoka kiwiko mpaka kiganja, ngozi imejikunja. Mtoto tumboni alikuwa bado anacheza, na hilo Mama Mwiko aliliuliza kabla ya salamu. Msimamizi alikuwa amesimama na daftari la mahudhurio.

"Nimemwandikia nusu siku," akasema, kana kwamba anatoa sadaka. "Na mumwambie ale. Hawa wasichana hawali."

Kliniki walichoma kidole tena. Sita nukta tisa. Nesi hakushtuka, alionekana karibu kufurahi.

"Si niliandika? Nendeni dirisha la dawa, mpewe ya kidonda. Mimi naandika barua ya hospitali kubwa."

Dirishani alikuwa mfamasia, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alipokea kadi, akayasoma maandishi mekundu, akamtazama mkwe aliyeegemea ukuta na mkono wake uliofungwa shuka. Akaichungulia kadi tena, mwezi baada ya mwezi. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliuliza katika jengo lile.

"Vidonge unavimeza na nini?"

Mama Mwiko alijibu kwa niaba yake, kidevu juu. "Na macha, vijiko viwili, tena ya maziwa. Nammezesha mwenyewe, asubuhi na jioni, na mdomo namkagua."

Mfamasia akaweka kalamu chini. "Macha. Ile ya kijani?"

"Ya hotelini. Ya wageni."

"Pamoja? Kwa funda moja?"

"Ndiyo. Kwa maji alikuwa anatapika."

Mtu yule akavua miwani, akaifuta na pindo la koti. Alisema taratibu, bila kelele, na Mama Mwiko alitamani angepiga kelele. "Mama, chai hainywewi na vidonge vya damu. Hii ndiyo zaidi, maana jani mnalinywa lote. Ikikutana na madini ya chuma tumboni inayakamata, mwili haupati kitu. Na maziwa nayo yanazuia. Huyu amekuwa akimeza dawa, na sehemu kubwa ya dawa imekuwa ikipita tu."

"Inapita."

"Inapita. Amekuwa akila udongo?"

Mkwe akatikisa kichwa kukubali, aibu imemjaa.

"Basi hiyo hamu ni ya kukosa damu, si tabia mbaya. Na usingizi? Moyo?"

"Silali," mkwe akasema. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza. "Moyo unaruka. Na kazini, kwenye pasi, nakunywa kingine bila chakula."

"Ile ina kafeini, kama kahawa. Mjamzito anatakiwa kuwa na kiasi. Vikombe vitatu vya vijiko viwiliviwili ni vingi kwako." Akamgeukia Mama Mwiko, labda kwa kuona uso wake. "Si sumu, mama. Mwenye damu yake akinywa kikombe kimoja, mbali na chakula na mbali na dawa, hapati neno. Wala sisemi ndiyo sababu yote. Kusimama kwenye joto kutwa bila kula nako kumo. Lakini huyu mtoto hakutupa hata kidonge kimoja. Hilo linajieleza: vidonge vilipoongezwa, na macha iliongezeka."

Mama Mwiko alishika nondo za dirisha. Kikulacho ki nguoni mwako. Alikuwa amemtafuta mwizi wa damu chini ya godoro, ndani ya mkoba, kwenye upindo wa gauni, kumbe mwizi alikuwa mkononi mwake mwenyewe, anamkoroga na sukari. Hasira ilimpanda tangu magotini, na kwa kuwa haikuwezekana kujipiga, akageuka, akarudi kwa nesi.

"Futa," akasema, akaiweka kadi mezani.

"Nifute nini?"

"Hatii masharti. Futa. Alitii. Alitii mpaka ameanguka juu ya moto."

Nesi alisikiliza habari ya macha akiwa nusu amemgeuzia mgongo. "Mama, mimi sikumwambia anywe macha."

"Wala hukumuuliza. Ulimuuliza anatupa wapi. Mbele za watu."

"Nina wajawazito sitini leo. Na kadi ya kliniki haifutwi. Ni mali ya serikali."

"Na huyu ni mali ya nani?"

Kalamu nyekundu ilikuwa imefungwa mezani kwa kamba ili isiibwe. Mama Mwiko akaivuta mpaka kamba ikakaza, akayakata yale maneno mawili kwa mistari mitatu mizito, wa mwisho ukachana karatasi. Safari hii benchini hakuna aliyecheka.

&nbsp;

Hospitali kubwa wakamtundikia mkwe damu. Mumewe alitoa chupa moja, fundi mwenzake akatoa ya pili, wakakaa nje kwenye ngazi wamekunja mikono, vumbi la vigae likiwa bado kwenye viatu vyao. Mume hakuthubutu kuingia wodini. "Nitamwambia nini, mama?" alimuuliza.

Kesho yake asubuhi alivaa gauni lake la sherehe, akaweka kopo jeusi kwenye mkoba, akaenda hotelini. Geti la wafanyakazi lilikuwa nyuma, penye mapipa ya taka. Yeye alipita mbele. Mlinzi alimfungulia mlango wa kioo kwa heshima zote, kwa sababu gauni lilikuwa zuri.

Alikusudia kuulizia chumba cha kufulia tu, lakini miguu ilimchoka, akakaa kwenye meza ya kwanza aliyoiona. Kitambaa cha meza kilikuwa cheupe, na mkunjo mmoja ulionyooka kama rula ulikipita katikati. Aliujua ule mkono wa pasi, wa mkwe wake. Juu ya kitambaa ilisimama kadi ndogo ya vinywaji yenye picha ya kikombe cha kijani. Chini ya picha palikuwa na herufi ndogo, kwa lugha mbili. Akaitafuta miwani, akasoma, kidole kikifuata mstari.

"Mgeni mpendwa, kinywaji hiki kina kafeini. Ikiwa una mimba, au unatumia vidonge vya kuongeza damu, tafadhali muulize daktari wako kabla ya kunywa."

Alisoma mara mbili. Akaichukua kadi, akasimama.

"Mama, utatumia nini?" mhudumu akauliza, kisha akamfuata nyuma. "Mama, hiyo kadi ni ya mezani. Mama!"

Alishuka ngazi akiufuata mvuke. Saa nne ilikuwa imefika. Sinia ya vikombe ilikuwa juu ya meza ya kukunjia mashuka, na wanawake kumi hivi walikuwa wamesimama wakinywa harakaharaka, jasho likiwatiririka. Wawili kati yao walikuwa na matumbo. Msimamizi alikuwa na kikombe chake pia.

"Soma," Mama Mwiko akamwambia, akamwekea kadi mkononi.

"Mama, hapa ni kazini."

"Soma kwa sauti. Au nisome mimi. Sauti yangu ilikuwa inafika mpaka darasa la saba."

Msimamizi aliangalia kadi, midomo ikicheza. Alisoma yote, ilionekana, kwa sababu alipofika mwisho aliweka kikombe chake chini. Kisha akakumbuka cheo.

"Hii ni ya wageni," akasema.

"Rudia," Mama Mwiko akasema.

"Nasema hii ni kadi ya wageni. Ndio utaratibu. Sisi huku tunaletewa makopo tu, na kwenye makopo maandishi ni ya kigeni. Naagizwa kugawa, nagawa."

"Kwa hiyo mgeni anayekunywa kwa picha aliambiwa amuulize daktari. Na huyu anayesimama kwa saa kumi mbele ya moto, mliyemnyang'anya maziwa na mkate, mkamwambia ni dawa! Tumbo la mgeni limeumbwa na nani? La mkwe wangu limeumbwa na nani?" Akatoa kopo mkobani, akalitua mezani kwa kishindo, unga wa kijani ukaruka juu ya mashuka meupe. "Mwanangu amelala na sindano mkononi. Mlimwandikia nusu siku."

"Mlinzi!" msimamizi akaita.

Yule mlinzi aliyemfungulia mlango wa kioo akamshika mkono, safari hii bila heshima. Alipokuwa akivutwa, Mama Mwiko aliona mmoja wa wale wawili wenye matumbo akienda kwenye beseni la vitambaa vilivyolowekwa, akamwaga kikombe chake humo. Wa pili akamfuata. Kisha mwanamke mzee asiye na mimba wala chochote naye akamwaga.

Hotelini walisikia. Wiki ile ile sinia ya macha ikaondolewa, ikawekwa birika ya maji ya moto. Chai ya maziwa haikurudi. Na mkwe alipelekewa barua kwamba nafasi yake imepata mtu, na kwamba mashuka sita yaliyoharibika kwa unga yatakatwa kwenye malipo yake ya mwisho.

&nbsp;

Mkwe alirudi nyumbani siku ya tano, damu imefika tisa na kidogo, mkono una bandeji mpya, vidonge vipya kwenye bahasha. Mumewe alikuwa ametandika vigae vilivyobaki kazini, vya rangi tatu tofauti, chini ya upande wake wa kitanda, ili asiweke miguu kwenye saruji. Alivionyesha tu kwa kidole akatoka nje.

Jioni Mama Mwiko alileta kidonge na glasi ya juisi ya chungwa, kama mfamasia alivyoelekeza, muda wa saa mbili kabla ya chakula. Alikuwa ameyapanga maneno yake tangu asubuhi, akiyakoroga na kuyaonja, na sasa yote yalikuwa yamekauka.

"Mwanangu," alisema. "Nilijua kupika. Kuuliza sikujua."

"Hukujua, mama."

"Wewe uliniambia hulali. Uliniambia moyo unaruka. Nikakwambia kunywa."

Mkwe alichukua kidonge, akakiweka juu ya ulimi, akanywa juisi mpaka nusu, akameza. Kisha, bila kejeli wala kinyongo, kama mtu anayefunga kifungo cha shati, akamgeukia Mama Mwiko, akafungua mdomo, akatoa ulimi, akauinua, akangoja.

Mama Mwiko aliishika glasi kwa mikono miwili.

"Funga mdomo, mwanangu," akasema.

Mkwe hakufunga mpaka alipoambiwa mara ya pili.